Shingo ya Udongo, Shingo ya Majivu: Kisa cha Kundi la Kima wa Usiku Lililokataa Kuzaa

Kisa hiki nilisimuliwa na mwalimu wangu wa somo la vimelea, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa kijana wa mafunzo kwenye maabara moja ya malaria ng'ambo. Jina la maabara, mji na watu wote nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Nawaandikia wanafunzi wa baiolojia na wahudumu wa maabara. Wengi wetu tukisikia historia ya kima wa Amerika Kusini tunaona ni habari ya makumbusho, ya mifupa na meno ya kale. Humu ndani historia hiyo iliamua nani awekwe kizimba kimoja na nani, na kama matokeo ya jaribio la dawa yaaminiwe au yatupwe.

Kwanza nieleze jina. Tumbili, ngedere, mbega na nyani ni wanyama wa kwetu, kila mmoja na sura yake na tabia yake. Wa Amerika Kusini hayumo kati ya hao. Nitawaita kima, kwa maana ya jumla ya neno hilo.

Usuli

Kima wa usiku, wa jenasi *Aotus*, ndio kima pekee duniani ambao maisha yao ya kawaida ni ya usiku. Ana uzito wa takriban kilo moja, macho makubwa ya duara na mistari mitatu myeusi kichwani. Dume na jike huishi wawili tu pamoja na watoto wao, jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, na mtoto huyo akishafikisha wiki chache, anayembeba muda mwingi ni baba. Hilo la kuishi wawili wawili lina uzito katika kisa hiki. Ukikosea kumchagulia mnyama wa namna hii mwenzi, hana mwingine wa kumwendea.

Mwaka 1966 ilionyeshwa kwamba vimelea vya malaria ya binadamu vya aina ya *Plasmodium vivax* vinaweza kumwingia kima huyu kutoka kwa mtu, kisha vikarudi kwa mtu kupitia mbu. Mwaka 1967 ikaonyeshwa kwamba hata *Plasmodium falciparum*, aina inayotuulia watoto wetu, inamshika. Kwa watu wa malaria mlango mkubwa ulikuwa umefunguka, maana wanyama wengi wa maabara hawapatwi kabisa na malaria ya binadamu. Moja ya mbegu za vimelea zilizotumika sana katika kima hawa ilitoka Uganda, na hadi leo inaitwa Uganda-Palo Alto.

Wakati huo kima wa usiku wote, kuanzia Panama hadi kaskazini mwa Argentina, walikuwa wakiitwa kwa jina moja: *Aotus trivirgatus*. Maabara tunayoizungumzia iliwanunua kwa wafanyabiashara. Shehena nyingine zilipitia Barranquilla kwenye pwani ya kaskazini ya Kolombia, nyingine Leticia, ambao ni mji wa Kolombia pia lakini uko kusini kabisa kwenye mto Amazon, na nyingine Iquitos nchini Peru. Karatasi iliyobandikwa kwenye kreti ilikuwa na jina, jinsia, uzito na tarehe ya kupakiwa. Palipotakiwa kuandikwa mahali mnyama alipokamatwa paliandikwa "Kolombia" au "Peru". Mara nyingine paliachwa wazi.

Mambo yalivyokwenda

Miaka miwili ya kwanza ilijaa malalamiko ya aina mbili, na hakuna aliyefikiri kwamba yana uhusiano.

La kwanza lilikuwa la uzazi. Jozi nyingi ziliishi kwa amani, zikalala kisanduku kimoja zikiwa zimesokotana mikia, na bado hazikuzaa. Mimba chache zilizoingia ziliharibika. Wakalaumu chakula na kukibadilisha, wakaongeza vitamini, wakapunguza kelele. Kisha wakageuza saa za mwanga: usiku waliwasha taa nyeupe ili kima walale, na mchana waliacha taa nyekundu hafifu ili wahudumu wafanye kazi wakati wanyama wako macho. Hatua hiyo ilikuwa ya busara kwa ustawi wa wanyama. Ila ilileta dosari moja ambayo nitaieleza baadaye.

Lalamiko la pili lilihusu malaria yenyewe. Kima wawili wanapewa dozi moja ya vimelea, siku moja, kutoka bomba moja. Mmoja vimelea vinapanda kila siku hadi akiachwa bila dawa atakufa. Mwenzake vinapanda kidogo, vinasitasita, kisha vinashuka vyenyewe. Sasa fikiria yule wa pili ndiye aliyepewa dawa inayojaribiwa. Daftari litaandika kwamba dawa imeponya, na mnyama angepona hata kwa kupewa maji.

Aliyeshika uzi kwanza alikuwa mhudumu wa wanyama, mtu asiye na shahada, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha, kuosha vizimba na kupima uzito. Siku ya mizani wanyama walitolewa mmoja mmoja hadi chumba cha pembeni chenye taa nyeupe. Humo ndimo alimoona kwamba wengine manyoya ya ubavuni mwa shingo, chini ya sikio, yalikuwa na rangi ya kutu inayoungana na rangi ya kifua, na wengine yalikuwa ya kijivu kama mgongo. Mwalimu wangu alikuwepo siku mhudumu huyo alipomwambia mkuu wa kundi: "Daktari, hawa si wa ukoo mmoja. Huyu shingo yake ya udongo, na mwenziwe shingo yake ya majivu."

Alijibiwa kwamba rangi ya manyoya hutofautiana kwa wanyama kama inavyotofautiana kwa watu. Jibu halikuwa la kijinga, kwa sababu manyoya kweli hutofautiana. Lakini hakuna aliyeandika alichosema, na miezi kadhaa ikapita.

Katika miezi hiyo yakawafikia maandishi ya wenzao waliokuwa wakihesabu kromosomu za kima wa usiku. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hesabu zilikuwa zikitofautiana kutoka mnyama hadi mnyama kwa kiasi cha kushangaza. Mkuu wa kundi aliposoma hayo aliikumbuka ile shingo ya udongo. Nampa heshima yake kwa hilo: alirudi kwa mhudumu, akamtaka radhi, akamwomba amwonyeshe kila mnyama kwenye mwanga mweupe.

Uamuzi wa kwanza: kuhesabu

Waliamua kuhesabu kromosomu za kundi zima. Kazi yenyewe naieleza kidogo, kwa kuwa fundi yeyote wa maabara wa kwetu ataona ndani yake kitu anachokijua.

Damu kidogo hutolewa kwenye mshipa wa paja. Seli zake nyeupe hukuzwa siku tatu kwenye joto la mwili, kisha hutiwa kolchisini, inayozisimamisha katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zimejikunja na kuonekana. Maji yenye chumvi kidogo huzivimbisha seli, mchanganyiko wa methanoli na asidi ya siki huzigandisha zilivyo, na tone hudondoshwa juu ya kioo kutoka kimo cha mkono ili seli zipasuke na kutawanyika. Mwisho hupakwa rangi ya Giemsa. Ndiyo Giemsa ile ile ya zambarau tunayopakia damu ya mgonjwa wa homa tunapotafuta malaria. Mwalimu alisema kwenye meza yake kulikuwa na chupa moja tu. Asubuhi aliitumia kuhesabu vimelea vya kima, na jioni kuhesabu kromosomu za kima huyo huyo. Picha zilipochapwa, walikata kila kromosomu kwa mkasi mdogo wakazipanga mbili mbili na kuzibandika kwenye kadi kwa gundi.

Zilitoka hesabu nne: 46, 52, 53 na 54. Binadamu tuna 46, na hesabu yetu haibadilikibadiliki hivyo kutoka kijiji hadi kijiji. Kundi lililonunuliwa kama kitu kimoja halikuwa kitu kimoja.

Wakawapanga kwa hesabu: 46 na 46, 52 na 52, 54 na 54. Hoja yao ilikuwa nyepesi na ilionekana sahihi. Wazazi wenye hesabu tofauti hupata mtoto ambaye kromosomu zake hazina wenza kamili, na mtoto huyo akija kutengeneza mbegu zake mwenyewe, mgawanyo huvurugika.

Mpango ulifaulu nusu. Jozi za 46 zilianza kuonyesha dalili za mimba. Jozi za 54 zikagawanyika: baadhi zikazaa, baadhi zikaendelea kuwa tasa kama zamani. Tena walikuwa wamevunja jozi moja, jike wa 52 na dume wa 54, ambayo ilikuwa miongoni mwa jozi chache zilizowahi kulea mtoto. Mhudumu alilipinga hilo waziwazi. Jike alikataa kula kwa siku kadhaa, na usiku kucha alitoa ile sauti nzito ya kuita mwenzi.

Uamuzi wa pili: kusoma mistari

Mbinu mpya ilikuwa imeanza kuenea: ukipitisha kioo kwenye tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini, kabla ya Giemsa, kila kromosomu hutoa mistari ya giza na mwanga kama punda milia, na mistari hiyo ndiyo sura yake. Walirudia kazi yote, na safari hii kila kadi iliandikwa mambo matatu: mistari, rangi ya shingo, na bandari ambayo mnyama alipitia.

Wa 54 wakatokea kuwa makundi mawili kabisa. Kundi moja lilikuwa na shingo ya majivu na lilipitia Barranquilla. La pili lilikuwa na shingo ya udongo na lilipitia Iquitos. Hesabu yao ililingana kwa bahati, lakini mpangilio wa kromosomu ulikuwa mbalimbali. Wakati huo huo, wa 52, 53 na 54 wa Barranquilla walikuwa jamii moja. Katika jamii hiyo kromosomu mbili huweza kuungana kuwa moja, hivyo aliyerithi muungano kutoka kwa baba na mama ana 52, aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja ana 53, na asiyeurithi ana 54. Wanaoana na kuzaa bila taabu. Ile jozi iliyovunjwa ilikuwa halali. Ikarudishwa siku hiyo hiyo.

Wa 46 nao walikuwa na shingo ya majivu. Kadi zao ziliandikwa "Kolombia" sawa na wenzao wa Barranquilla, ila wao walipitia Leticia.

Ukabaki uamuzi mgumu zaidi: daftari la majaribio ya dawa. Mkuu aliamua kwamba matokeo yote ya wanyama ambao asili yao haikuweza kuthibitishwa yaondolewe kwenye hesabu. Wapo waliotaka yabakizwe na kuwekewa angalizo. Yeye alisema angalizo litapotea likinakiliwa mara ya pili, na tarakimu itabaki. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na ndio uliowagharimu zaidi, kwa kuwa wanyama wale walikuwa wamekwisha kuugua na wengine kufa.

Matokeo

Kundi la Barranquilla lilizaa vizuri, na la Iquitos likafuata. Wa Leticia, wale wa 46, ingawa walikuwa wameanza kuonyesha dalili za mimba, hawakupata nafuu kubwa. Majaribio ya malaria yalitulia: ndani ya kundi moja wanyama walifanana zaidi katika mwendo wa ugonjwa, na wa kaskazini mwa Kolombia ndio walioshikwa vikali kuliko wengine.

Wanyama wachache walibaki bila mwenzi wa aina yao, na kuagiza wengine hakukuwezekana tena, kwa kuwa katika miaka hiyo ya 1970 nchi za Amerika Kusini zilikuwa zimeanza kufunga biashara ya kima hai. Walizeeka peke yao.

Mwaka 1983 Philip Hershkovitz, mtaalamu wa mamalia, aliligawa jina *Aotus trivirgatus* katika spishi tisa, na akazipanga katika makundi mawili kwa alama ya shingo: wa kijivu, ambao kwa sehemu kubwa wako kaskazini mwa mto Amazon, na wekundu, ambao kwa sehemu kubwa wako kusini. Wa Iquitos wenye 54 akawaita kwa heshima ya Nancy Ma, mtaalamu aliyezisoma kromosomu hizo. Leo jina lao ni *Aotus nancymaae*. Wa 46 ni *Aotus vociferans*. Wa Barranquilla ni *griseimembra*, neno lenye maana ya viungo vya kijivu.

Uchambuzi: tofauti hizi zilitoka wapi

Swali ambalo maabara haikuliuliza tangu mwanzo ni "ametoka wapi?". Swali hilo lina tabaka nyingi.

Tabaka la juu ni mto na mlima. Alfred Russel Wallace, mtafiti Mwingereza wa viumbe, aliandika mwaka 1852, baada ya kurudi kutoka Amazon, kwamba mito mikubwa kama Amazon, Negro na Madeira ni mipaka ambayo kima wengi hawaivuki. Aliongeza kwamba wawindaji wenyeji wanalijua hilo barabara: wakitaka mnyama fulani huvuka mto kwanza. Alilalamika pia kwamba vielelezo vya makumbusho viliandikwa "Amerika Kusini" au "Brazili" basi, bila kutaja ng'ambo ipi ya mto. Yaani takriban miaka 120 kabla ya maabara yetu kupokea kreti lenye neno "Kolombia", onyo lilikuwa limechapishwa. Kati ya Barranquilla na Leticia kuna safu ya mashariki ya Andes. Iquitos yenyewe ni soko la pande zote, mnyama wa kaskazini mwa mto na wa kusini wanaletwa kwenye gati moja. Bandari ilisaidia katika kisa hiki, lakini bandari si kwao mnyama.

Tabaka la chini yake ni visukuku. Huko La Venta, katika bonde la juu la mto Magdalena nchini Kolombia, kulichimbuliwa taya na kipande cha uso chenye tundu kubwa la jicho, cha miaka kati ya milioni 12 na 13 iliyopita. Kiliitwa *Aotus dindensis* mwaka 1987. Magdalena ndilo bonde ambamo *griseimembra* wanaishi hata sasa. Jicho la kima huyu lina ushahidi wa safari ndefu zaidi: halina ule utando unaofanya macho ya paka au komba yang'ae yakimulikwa tochi. Wahenga wake waliishi mchana, wakaupoteza utando huo, na uzao wao uliporudi usiku ukajitengenezea macho makubwa badala yake. Isitoshe, hawaoni rangi. Nyekundu ya shingo ambayo mhudumu aliiona, wao wenyewe hawaijui.

Chini kabisa iko bahari. Hapa wanafunzi wengi hukosea, na nimesahihisha kosa hilo mara nyingi: kima hawakwenda Amerika Kusini kwa miguu. Afrika na Amerika Kusini ziliachana takriban miaka milioni 100 iliyopita, kabla hawajakuwepo. Kisukuku cha *Perupithecus*, kilichotangazwa mwaka 2015 kutoka Santa Rosa katika Amazon ya Peru, kina meno yanayofanana na ya kima wa kale wa Afrika Kaskazini kuliko ya kima yeyote wa Amerika wa leo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba walivuka Atlantiki, iliyokuwa nyembamba kuliko ilivyo sasa, juu ya vipande vya msitu vilivyong'olewa na mafuriko vikiwa na miti na majani yake. Mwaka 2020 kutoka Santa Rosa hiyo hiyo kikatangazwa *Ucayalipithecus*, cha ukoo mwingine wa Afrika uliotoweka. Basi waliovuka hawakuwa msafara mmoja. Waliosalimika ndio mababu wa kima wote wa bara lile, zaidi ya spishi 150 leo, kuanzia kima-mbilikimo wa gramu mia na kitu hadi kima-buibui wanaoning'inia kwa mkia.

Nayo *falciparum* ilifika huko kwa bahari ile ile, mamilioni ya miaka baadaye, ndani ya damu ya Waafrika waliofungwa katika meli za watumwa. Hakuna kima wa Amerika aliyekuwa amezoeana nayo kwa vizazi. Kila tawi lilikutana nayo na mwili uliotengenezwa na mto wake na mlima wake. Kutarajia matawi yote yaugue kwa namna moja hakukuwa na msingi.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa kuliko mashine yoyote ni kuunganisha dalili tatu. Hesabu peke yake ilidanganya mara mbili: iliwaunganisha wageni na kuwatenganisha ndugu. Shingo peke yake isingewatenga wa Leticia na wa Barranquilla. Bandari peke yake isingetosha kwa wa Iquitos. Zote pamoja zilisema kweli.

Kilichoharibika zaidi ni daftari. Halikuwa na safu ya kuandika alichokiona mhudumu. Halafu kuna ile taa nyekundu: chini yake udongo na majivu hufanana, kwa hiyo wasomi waliokuwa wakiingia saa za kazi, wakiwa na kalamu mkononi, ndio waliokosa nafasi ya kuona. Aliyeona ni aliyepima uzito.

Mwalimu aliporudi nyumbani alifanya kazi ya mbu, na huko akakutana na jambo lile lile. *Anopheles gambiae*, mbu anayeeneza malaria, nayo ilikuwa jina moja hadi majaribio ya kuwazalisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalipotoa madume chotara tasa na kuonyesha kwamba ni spishi kadhaa zisizotofautika kwa macho. Mmoja wao, *merus*, huzaliana kwenye maji ya chumvi ya pwani. Nilipompelekea sanduku langu la kwanza la vielelezo nilikuwa nimeandika juu yake "Pwani", na tarehe. Alilirudisha bila kulifungua, na kwa penseli ameandika chini ya maandishi yangu: dimbwi lipi, na umeonja maji yake?